Sikio moja limekufa, sasa sijui sauti inatoka wapi. Ubongo unaweza kujifunza upya?

Spana17:

Wakuu habari za saa hizi. Naomba mwenye uelewa wa mambo ya masikio na ubongo anisaidie maana hili jambo linaninyima usingizi.

Mi ni fundi magari, niko Arusha, nimeingia gereji nina miaka 15 nabeba spana za fundi mkubwa, sasa hivi nina 36. Mwaka jana mwezi wa nane niliamka asubuhi sikio la kulia limeziba na ndani kuna mluzi, nikajua ni nta tu, siku ya tatu nikaenda zahanati wakanipa matone, wiki mbili baadae wakanipa matone mengine, mpaka nakuja kufika kwa daktari wa masikio mwenyewe mwezi umeshapita. Akanifungia kwenye kile chumba cha kimya, hedifoni kichwani, nabonyeza kitufe kila nikisikia mlio, majibu yakatoka la kushoto zima kabisa ila la kulia ndo basi tena.

Sasa kusikia nasikia, ukinipigia simu tunaongea vizuri tu. Kilichopotea ni MAHALI. Sauti zote duniani zimehamia kushoto kwangu.

Juzi imekuja Noah inagonga mbele ikipita kwenye tuta. Zamani hiyo ni kazi ya dakika tano, nalala chini, kijana anatikisa tairi, naelewa hapo hapo ni boljointi (kile kiungo cha tairi la mbele) ya upande gani au ni bushi. Safari hii nikalala, kijana akatikisa, mlio wote wa kugonga ukaja kushoto. Nikafungua kushoto, nikaikuta boljointi ngumu haina hata plei. Ilikuwa ya kulia. Mwenye gari amesimama pale ananiangalia narudishia nati nilizotoa bure. Hakusema kitu lakini mimi najua nilivyojisikia, miaka 21 hii kazi naifanya kwa masikio kuliko macho.

Na nyumbani mwanangu wa miaka 4 anapenda kujificha nyuma ya kochi ananiita "baba niko wapiii", mi naenda upande wa jikoni. Mwanzoni alicheka sana akajua namchezea. Sasa hivi anatoka mwenyewe anakuja kunishika mkono.

Ila kuna kitu kimoja kinanichanganya na ndo kimenifanya niandike. Kompresa ya gereji iko nyuma yangu ninapokaa, ipo hapo miaka sita. Ikiwaka NAISIKIA NYUMA. Sio kwamba nakumbuka tu iko nyuma, naisikia huko kabisa. Lakini mtu akileta jenereta akaiweka hapo hapo nyuma inasikika kushoto. Kwaiyo nauliza, hivi kinachojua sauti inatoka wapi ni sikio au ni kichwa kinakumbuka? Na kama ni kichwa, kwa umri huu kinaweza kufundishwa tena kwa sikio moja au nitafute kazi nyingine?

MwlFizikia_Tbr:

Pole sana fundi. Swali lako la kompresa ni zuri mno na nitajaribu kulijibu kwa kuanzia mbali kidogo, nivumilie.

Sikio halijui mahali kabisa. Jicho linajua, maana mwanga wa kushoto unaangukia sehemu yake na wa kulia sehemu yake kule nyuma ya jicho, kwaiyo picha inaingia ikiwa imeshapangwa. Sikio la ndani lenyewe limepangwa kwa wembamba na unene wa sauti, mwanzoni linapokea nyembamba kule mwisho linapokea nzito, hakuna sehemu ya kushoto wala kulia wala nyuma. Mahali panapigiwa hesabu na ubongo kila mara, na hesabu hiyo inataka masikio mawili.

Chukua mtu kagonga chuma kulia kwako. Sauti inatembea kama mita 343 kwa sekunde, kichwa chako kina upana wa sentimita 20 hivi, kwaiyo inafika sikio la kulia kwanza na la kushoto inachelewa. Inachelewa kiasi gani? Ikitokea pembeni kabisa ni kama 0.6 au 0.7 ya milisekunde, na hiyo ndo tofauti KUBWA kuliko zote. Ukipepesa jicho mara moja huo muda umeshapita zaidi ya mara mia. Na mtu mwenye masikio mazima ambaye amezoea anaweza kutambua tofauti hadi ya mikrosekunde 10, ndo maana ulikuwa unajua ni boljointi ipi bila hata kufikiria.

Njia ya pili ni kichwa chenyewe kukinga, sauti nyembamba ikitoka kulia inafika kushoto ikiwa imefifia kwasababu kichwa kimeweka kivuli. Sauti nzito zinazunguka kichwa kama maji yanavyozunguka jiwe, hazikingiki. Mwingereza Lord Rayleigh aliliweka wazi hili mwaka 1907, kwamba kwa sauti nzito tunatumia kuchelewa na kwa nyembamba tunatumia kufifia.

Mwaka 1948 Lloyd Jeffress wa Marekani akatoa wazo la jinsi ubongo unavyoweza kupima huo uchelewaji. Fikiria mabasi mawili, moja linatoka Tabora jingine linatoka Mwanza, mwendo sawa. Yakipishana karibu na Shinyanga ujue yameondoka pamoja, yakipishana Nzega ujue la Mwanza limetangulia. Huna haja ya saa, mahali yalipopishana pamekwambia tayari. Jeffress alisema kwenye shina la ubongo kuna mstari wa niuroni, yaani seli za ubongo, ambao kila mmoja unashtuka pale tu ishara za masikio mawili zinapokutana kwake kwa pamoja, kwaiyo niuroni ulioshtuka ndo jibu la sauti imetoka wapi.

Sasa fundi kwako wewe basi moja halipo tena. Linatoka la Mwanza peke yake linafika mpaka Tabora halijapishana na lolote, ubongo unahesabu kwamba kila sauti imetangulia kushoto. Ndo maana dunia imehamia huko.

Ila kuna njia ya tatu na hiyo bado unayo. Yale makunjo ya sikio la nje sio mapambo. Sauti ikiingia inagonga kwenye yale makunjo, baadhi ya wembamba unapungua na mwingine unaongezeka kutegemea imetoka juu, chini, mbele au nyuma. Hii haihitaji sikio la pili. Na hapa ndo kumbukumbu inapoingia, kwasababu hakuna watu wawili wenye makunjo sawa, hiyo alama ubongo wako umeikariri kwa sikio LAKO tangu utoto. Na ili uisome lazima uwe unaijua sauti yenyewe ilivyo kabla haijapita kwenye makunjo. Kompresa unaijua miaka sita. Jenereta la mtu hulijui.

nesi_wa_kitengo:

Fundi pole, nafanya kazi kitengo cha masikio. Ninaandika zaidi kwa wengine wanaosoma hapa. Sikio likizima GHAFLA, yaani ndani ya siku moja hadi tatu, hiyo ni dharura, usikae nayo nyumbani ukasema ni nta. Kuna dawa za steroidi ambazo zinaweza kusaidia na kadri unavyoanza mapema ndivyo nafasi inavyokuwa kubwa, wiki mbili za kwanza ndo za thamani. Matone hayafanyi chochote kama tatizo liko sikio la ndani. Inaniuma kila nikiona mgonjwa anafika mwezi wa pili.

Kwako fundi, kama hujapigwa MRI ya kichwa muulize daktari wako, ni kawaida kuangalia kama kuna uvimbe kwenye mshipa wa fahamu wa sikio, mara nyingi hakuna ila inaangaliwa. Pia kuna vifaa vya kuchukua sauti upande uliokufa na kuipeleka sikio zima. Vinasaidia kumsikia mtu aliyekaa kulia kwako lakini havirudishi mahali, maana sauti zote bado zinaingia sikio lile lile moja, usije ukauziwa kwa ahadi hiyo. Kinachoweza kurudisha kiasi fulani ni kipandikizi cha koklea, kifaa kinachowekwa kwa upasuaji ndani ya sikio la ndani. Muhimbili walianza kupandikiza mwaka 2017, wengi wao ni watoto waliozaliwa hawasikii, na gharama yake ni kubwa, nakwambia ukweli ili usihangaike.

mzee_wa_dizeli:

Kijana usiache kazi. Mimi niko Mbeya, masikio yote mawili yamechoka kwa kelele za malori na bado nafungua injini. Chukua bisibisi ndefu, ncha weka kwenye chuma, mpini bana kwenye mfupa wa nyuma ya sikio lako zima, hamisha hamisha. Wota pampu, alternata, beringi ya teshena, kila moja itasema yenyewe. Hapo huulizi tena sauti inatoka wapi, mkono wako ndo unajua uko wapi, sikio linajibu tu hapa kubwa hapa ndogo. Kwa boljointi weka kiganja pale kwenye jointi kijana akitikisa, utasikia inavyogonga kwa vidole. Tahadhari tu na feni na mikanda ikiwa inazunguka, shati lisining'inie.

Spana17:

Mzee wangu shikamoo na asante sana. Bisibisi naitumia kwa injini siku zote sijui kwanini sikufikiria kuifanya ndo njia kuu. Mwalimu hilo la mabasi nimelielewa vizuri mno, nimemsomea mke wangu. Nesi asante, MRI sijapiga, nitaulizia.

Bado swali la kujifunza upya.

Wambui_bio:

Pole fundi. Niko Nairobi, masters yangu ilikuwa ya neva za ndege, na hiyo story ya kompresa imenishika nikakosa kulala kwa hivyo wacha niandike yote.

Mnamjua yule bundi mweupe wa uso kama moyo, anakaa kwa dari za makanisa na maghala, watu wanamfukuza wanasema ameleta kifo. Huyo ndio ametufunza karibu kila kitu kuhusu hii mambo. Anashika panya kwa giza totoro kwa masikio peke yake. Watafiti waliwahi kufungia panya kipande cha karatasi kwa kamba, giza tupu, panya anakimbia karatasi inakwaruza nyuma yake, na bundi akarukia KARATASI. Masikio yake hayako sawa, moja liko juu kidogo kuliko lingine, kwa hivyo anapima kushoto na kulia kwa kuchelewa, na juu na chini kwa tofauti ya ukubwa wa sauti kati ya masikio.

1978, Masakazu Konishi na Eric Knudsen wakamzungushia bundi spika pande zote huku wanasikiliza niuroni za ubongo wa kati. Wakapata ramani. Kila niuroni inajibu sehemu yake moja tu ya nje, na jirani yake inajibu sehemu jirani. Sikio halina hiyo ramani kama vile mwalimu amesema, ubongo umeichora wenyewe.

Sasa swali ni nani anaisahihisha. Knudsen akawavalisha bundi wachanga miwani ya prizimu inayosukuma kila wanachoona pembeni digrii 23. Mwanzoni bundi anasikia mahali pamoja anaona mahali pengine. Wiki zikienda ramani ya sauti ikasogea ikafuata macho, hata kama macho ndiyo yalikuwa yanadanganya. Ukitoa miwani inarudi. Na hapa ndio penye nataka usome polepole: walipoangalia ndani ya ubongo walipata nyaya mpya zimemea, na ZILE ZA ZAMANI HAZIKUTOLEWA, zimenyamazishwa tu. Miezi baadaye bundi ashakuwa mtu mzima, ukimrudishia ile miwani anazoea tena, lakini bundi mkubwa ambaye hakuwahi kuvaa akiwa mdogo anashindwa, anasogea kidogo tu.

Najua hapo umesema basi mimi nimechelewa. Ngoja.

2002 maabara hiyo hiyo ilijaribu bundi wakubwa tena lakini safari hii hawakuwapa digrii 23 mara moja, waliwapa kidogo, wakizoea wanaongezewa. Walisogea mbali zaidi sana kuliko wale wa kupewa yote kwa mpigo. Na 2005 wakaonyesha kwamba bundi mkubwa anayewinda panya hai anajifunza kuliko yule analetewa nyama imekufa. Hiyo ya pili ndio napenda kuliko zote. Ndege ni yule yule, miwani ni ile ile, tofauti ni kwamba mmoja akikosea analala njaa.

Na kwa binadamu: 1998 huko Uholanzi, Paul Hofman na wenzake waliweka vibandiko ndani ya makunjo ya masikio ya watu wazima wanne, wakabadilisha shepu. Siku ya kwanza kushoto na kulia wanajua sawa, lakini juu na chini imepotea kabisa. Wakakaa navyo mchana na usiku wakifanya maisha yao ya kawaida, hakuna mazoezi maalum, na ndani ya wiki kadhaa wakarudi kujua juu na chini kwa masikio "mapya". Halafu vibandiko vikatolewa. Ungetarajia waanze upya si ndio? Hapana. Masikio ya zamani yalifanya kazi papo hapo. Ubongo ulikuwa umeweka zote mbili. Ni kama mtu alikua na Kikuyu akajifunza Kiswahili shuleni, Kikuyu haikufutwa.

Mwalimu nikurekebishe kidogo kwa heshima. Ile ya Jeffress, mabasi kupishana, imethibitishwa vizuri kwa bundi. Kwa wanyama wanaonyonyesha, sisi tukiwemo, bado kuna mabishano makali, wengi sasa wanaona ubongo wetu unalinganisha ni upande gani umeamka zaidi, wa kushoto au wa kulia, kuliko kuwa na mstari wa niuroni kila moja na kituo chake. Kwa fundi matokeo ni yale yale lakini.

Kuhusu kompresa nafikiri ni vitu viwili vimeungana. Makunjo kama mwalimu amesema, na pia macho na mazoea. Ukienda kibanda umiza spika iko kona ya juu kabisa lakini maneno unayasikia yanatoka kwa mdomo wa mtu kwa skrini. Ubongo ukiwa na uhakika na mahali kwa njia nyingine, sauti inahamishiwa huko, na unaisikia huko kweli, sio kudhania.

MwlFizikia_Tbr:

Nimepokea marekebisho dada Wambui, na asante, darasani nimekuwa nikifundisha kama ndo mwisho wa habari.

Mtu wa Makunduchi:

Assalaam aleikum. Nimesomewa uzi huu wote na simu yangu, mie sioni tangu nina miaka miwili, naishi Unguja. Ndugu yangu fundi nataka nikwambie jambo la mtu anayetumia masikio kutembea kila siku.

Miaka minne nyuma nilipata usaha sikio la kushoto, likaziba miezi mitatu. Wiki ya kwanza nilikuwa sitoki. Mimi najua nilipo kwa misikiti miwili, adhana ya huu iko mbele, ya ule iko bega la kulia, basi najua nimesimama kona gani. Likaziba sikio misikiti yote ikahamia upande mmoja. Nilishika ukuta wa nyumba yangu mwenyewe kama mgeni.

Nilivyofanya ni hivi. Kwanza acha kusikiliza ukubwa wa sauti, sikiliza UKALI wake. Geuza kichwa polepole, usitikise tikise, kama unavyofungua bomba la maji pole pole. Sauti ya upande uliokufa inakuja imevaa nguo nzito, ile sss na tch zake hazipo. Ukigeuza ikafika mahali sss zikavuka wazi, simama hapo, sikio lako zima limeitazama. Kutoka hapo sikio linapotazama sogea kidogo kuja mbele, ndo penyewe. Inachukua muda, ndio, lakini ni hakika.

Pili, mwanao asikwite kwa kuvuta "babaaa", hiyo nzito inazunguka kichwa. Mpe funguo zikiwa kwenye pete, atikise. Utashangaa. Funguo ni rahisi, makofi ni rahisi, mfuko wa plastiki ni rahisi. Injini ikiunguruma ni ngumu kuliko zote hata kwangu mie mwenye masikio mawili.

Tatu, usivae kofia inayogusa sikio.

Nikifika Darajani palipo watu wengi na honi bado nilikuwa naomba mtu anishike mkono kwa miezi ile, na wewe barabarani usijivunie. Angalia mara mbili kulia.

Wambui_bio:

Mzee wa Makunduchi ahsante sana, na hiyo umesema inaingiana na kitu watu wa Montreal walichapisha 1998. Walichukua watu wasioona tangu utoto na watu wanaoona, wakawaziba sikio moja. Wanaoona walielekeza kidole upande wa sikio lililo wazi, vile vile kama fundi na Noah. Lakini baadhi ya wasioona waliendelea kuelekeza mahali penyewe hata upande uliozibwa. Sikio moja, na wanajua. Kwa hivyo habari iko ndani ya sikio moja, ni vile sisi wengine hatujawahi kulazimika kuisoma.

Spana17:

Nimesoma hii mara tatu. Niwaulize kitu cha vitendo basi. Kama macho ndo yanasahihisha, nikimwambia kijana wangu agonge spana sehemu tofauti za gari nimefumba macho, nionyeshe kidole, halafu nifumbue nione, hiyo itakuwa ndo miwani ya bundi?

MwlFizikia_Tbr:

Ndo hiyo hiyo. Masharti matatu: agonge bila mpangilio usije ukakariri zamu, ufumbue macho HAPO HAPO kila mara baada ya kuonyesha kwasababu bila kusahihishwa hakuna somo, na muanze uwanjani sio ndani ya gereji. Kuta za bati zinarudisha sauti. Mtu mzima wa masikio mawili ubongo wake unachukua ile inayofika kwanza unazipuuza zilizorudi, hilo lilipimwa tangu 1949, ila wewe kwa sasa zile zinazorudi zitakuchanganya. Anza na pande mbili tu, mbele kushoto na mbele kulia. Ukiziweza ongeza. Kidogo kidogo kama wale bundi wakubwa.

Mama Furaha:

Mimi sikio la kulia lilikufa na matumbwitumbwi nikiwa darasa la pili, sasa nina miaka 41. Sijawahi kujua maisha mengine na barabara navuka, watoto nimelea. Simu ikilia ndani ya nyumba ndo bado inanisumbua, nimeiwekea sehemu moja tu juu ya friji, isipokuwepo pale nampa mtoto aitafute. Kwenye harusi nakaa mwisho wa meza upande wa kulia ili watu wote wawe kushoto kwangu. Mambo madogo lakini yanapunguza uchovu, maana kusikiliza kwa sikio moja kunachosha na watu hawajui. Ukifika jioni umechoka sana usidhani ni uvivu.

Spana17:

Mama Furaha hilo la uchovu asante, nilidhani ni umri.

Narudi na mrejesho, ni wiki ya tano sasa. Kila asubuhi kabla wateja hawajaja tunafanya nusu saa uwanjani, kuna Corolla mbovu imekaa pale muda mrefu ndo tunaitumia. Nalala chini, kijana anagonga spana namba 17, mi nageuza kichwa pole pole kama mzee wa Unguja alivyosema, naonyesha, nafumbua.

Wiki ya kwanza pande mbili tu, katika 20 nilipata 11, yaani ni kubahatisha. Wiki ya pili hivyo hivyo nikataka kuacha. Wiki ya tatu kikatokea kitu ambacho sijui nikielezeje, spana ya kulia ikaanza kuwa na RANGI yake. Bado inasikika kushoto ila kushoto ya aina nyingine, imefifia kwa juu. Nikawa najua ni kulia kabla ya kuisikia kulia. Wiki hii ya tano pembe nne, nimepata 15 katika 20, na kama mara tatu hivi jana nimeisikia kabisa kulia, kwa sekunde moja, halafu ikarudi kushoto.

Kwa wateja bado natumia bisibisi na kiganja kama mzee wa Mbeya alivyosema, sithubutu kufungua gari ya mtu kwa kukisia. Imekuja nyingine inagonga mbele, nikalala nikajiambia kulia, kisha nikaweka mkono kuhakikisha. Ilikuwa kulia.

Mwanangu nimempa funguo za zamani za Hilux, anazitikisa nyuma ya mlango. Nimemkuta mara mbili. Mara ya tatu alikuwa ameziacha chini akaenda chumba kingine, nikaenda mpaka kwenye funguo.

Nimemwambia kijana kesho tuanze na gari ikiwa imewashwa.

Mtu wa Makunduchi:

Gari lisiwashwe kwanza. Iache wiki mbili zaidi na spana, na uwanja ule ule.

Spana17:

Sawa mzee wangu. Wiki mbili.